Betri ya pili kwenye gari la kambi: ya maji, kavu au lithiamu?

Msafiri_Arusha: Wanajukwaa, salaam. Nina Land Cruiser yenye hema la juu, taa na friji ya lita 40, na betri ya pili ya ampea-saa 100 (kipimo cha umeme inaoweza kuhifadhi) inayovilisha vyote hivyo imechoka. Bei nimeshazijua, ninalouliza ni ipi itakayodumu kwa matunzo yanayowezekana porini, maana tukifika Ziwa Natron gari husimama siku mbili tatu bila kuwashwa.

Fundi_Nakuru: Ndugu, tuanze na hesabu. Kwa joto la Natron friji hiyo inaweza kula ampea-saa 40 kwa siku. Betri ya maji na betri kavu, yaani ile iliyofungwa isiyoongezwa maji, zote ni za risasi, na risasi haipendi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo katika 100 ulizolipia unatumia 50, na siku ya pili umekwisha. Lithiamu itakupa 80 au zaidi, na uzito wake haufiki nusu ya ile ya risasi.

Hata hivyo, betri ya maji ndiyo pekee unayoweza kuichungulia ndani. Fungua vifuniko uone kama maji yamefunika mabamba. Yakipungua, ongeza maji ya betri yaliyosafishwa na kamwe usiongeze maji makali, kwa sababu kinachovukiza ni maji, asidi hubaki. Ikiwa mabamba bado yamefunikwa, chaji kwanza ndipo ujaze, la sivyo yatafurika na kula vichwa vya waya.

Mpwani_Tanga: Kwangu mimi adui ni joto. Betri ya risasi hupoteza karibu nusu ya maisha yake kwa kila nyuzi 10 zinazozidi 25, kwa hiyo kuiweka chini ya boneti, kando ya injini, ni kuichoma tu. Ihamishie nyuma ya kiti. Lakini ya maji hutoa haidrojeni inapochajiwa, nayo haifai kuwa ndani mnamolala watu. Hapo betri kavu inashinda, mradi chaja iwe imepangwa kwa aina hiyo.

Dada_Minnesota: Huku Marekani shida ni kinyume. Lithiamu isichajiwe chini ya nyuzi 0 za Selsiasi, la sivyo seli huharibika kabisa, na si kila betri ina kinga ya kuzuia jambo hilo. Ya risasi ikiwa imejaa huvumilia baridi yetu, lakini iliyoisha chaji huganda na kupasuka. Kabla ya kuegesha gari kwa majira ya baridi, ya risasi ijazwe kabisa, lithiamu iachwe kwenye nusu hivi, kisha waya zichomolewe, kwa kuwa kengele ya kutahadharisha gesi inayovuja huendelea kunyonya chaji hata taa zikiwa zimezimwa.

Msafiri_Arusha: Ahsanteni. Je, lithiamu naweza kuiunganisha moja kwa moja na altaneta, ile inayochaji betri injini ikiwaka?

Fundi_Nakuru: Usithubutu. Itavuta umeme mwingi kwa muda mrefu hadi altaneta ipate moto na kuungua; lazima pawe na chaja kati ya altaneta na betri, na gharama yake uihesabu. Kwa matumizi yako ningefunga betri kavu na paneli ya sola ya wati 100, ambayo kwa jua la kule hurudisha ampea-saa 25 hivi kwa siku. Kila asubuhi, kabla jua halijaipiga paneli, zima friji, iache betri itulie kidogo, kisha pima kwa multimita: volti 12.7 imejaa, 12.2 iko karibu na nusu, na hapo friji ibaki imezimwa hadi jua lipande.