Piezo kwenye mashine ya kusaga: volti zipo, LED haiwaki vizuri, msaada wakuu

dogo_buguruni: Habari za mchana wakuu. Jirani ana mashine ya kusaga unga, ikiwaka hadi ukuta unatetemeka, nikanunua vile visahani vya piezo (vinatoa umeme vikipindwa) vya 27 mm pale Kariakoo, nikabandika sita kwenye fremu ya mota nikaviunga pamoja. Mita inasoma volti 6 na ushee ila nikiweka LED inafifia na volti zinaporomoka. Niongeze visahani?

Mpemba_Mdadisi: Mota si inatumia umeme? Vuta waya hapo hapo yaishe 😂

dogo_buguruni: Hahaha mkuu, nataka baadaye nifunge sensa ya joto kwenye beringi bila kuhangaika na waya wala betri.

Mzee wa Koili: Usiongeze kitu kwanza. Piezo inatoa volti kibao lakini ampea kiduchu, mita yako haivuti kitu ndo maana inakupa matumaini. Halafu fremu ni chuma kinene, inatetemeka lakini haipindi, na piezo inataka kupindwa. Chukua blade ya msumeno wa chuma, bana upande mmoja kwenye fremu kwa bolti, gundisha kisahani karibu kabisa na pale ulipobana maana ndo panapopinda zaidi, ncha ya mbele weka uzito, hata sarafu za mia mbili mbili. Mota nyingi za kusagia ni kama 1,440 rpm (mizunguko kwa dakika), gawanya kwa 60 unapata 24 Hz, yaani mapigo 24 kwa sekunde, blade yako lazima icheze kwa mapigo hayo hayo. Sogeza sarafu kidogo kidogo mashine ikiwa inasaga kweli, sio tupu, kwa sababu ikibeba mzigo spidi inashuka na ukikosea kidogo tu mchezo unakufa.

fundi_sakiti: Nyongeza, hivyo visahani sita kila kimoja kinatetemeka kivyake, ukiviunga moja kwa moja vinauana. Kila kimoja kipe daraja lake la daiodi (daiodi nne za kugeuza AC kuwa DC) ndo uunganishe upande wa DC. Tumia daiodi za Schottky, zinakula volti kidogo, zile za kawaida za 1N4007 mbili zinakula kama volti 1.4 bure. Kisahani cha nanofaradi 20 kwa 24 Hz kinapenda mzigo wa kama kilo-om 330, ukinzani wa LED ni mdogo mno kwake, so jaza kapasita (kitunza chaji) kwanza halafu iachie kwa mkupuo, sensa iamke, isome, ilale.

dogo_buguruni: Asanteni sana wakuu. Blade ninazo, gundi ya supaglu itahimili joto la hapo au nitafute epoksi?

Mzee wa Koili: Epoksi. Na paka nyembamba, ikiwa nene inameza mpindo wote.