Mafuta ya maziwa yakishuka: upungufu wa asetati, insulini, au asidi ya mafuta itokayo kwenye rumeni?

Mwanakiwele (mwanzilishi wa mada)

Wanajukwaa wenzangu, habari za kazi. Ninaandaa semina kuhusu namna tishu ya kiwele kinachotoa maziwa inavyotengeneza mafuta, na kuna mahali nimekwama. Tangu Boussingault alipoandika mwaka 1845, inafahamika kwamba ng'ombe akibadilishiwa chakula, mafuta ya maziwa yanaweza kushuka peke yake, huku wingi wa maziwa, protini na laktosi vikibaki karibu vilevile. Hali hii huonekana hasa anapolishwa nafaka nyingi na nyuzi chache, au anapoongezewa mafuta ya mimea yasiyoganda, na upungufu unaweza kufikia nusu ya mafuta yote.

Maelezo ninayokutana nayo ni matatu. La kwanza linasema kwamba nyuzi zikipungua, vijidudu vya rumeni (tumbo la kwanza la ng'ombe, chakula kinamochachushwa) hutoa kidogo asetati, asidi fupi ambayo ndiyo malighafi ya mafuta, hivyo kiwele huikosa. La pili, lililotolewa na McClymont na Vallance mwaka 1962, linasema kwamba wanga hupandisha propionati (asidi nyingine fupi ya rumeni, ambayo ini huigeuza glukosi) na glukosi yenyewe, insulini hupanda, na mafuta ya mwili yanavuta virutubisho ambavyo vingekwenda kwenye kiwele. La tatu linasema kwamba rumeni yenyewe huzalisha asidi ya mafuta inayozima utengenezaji wa mafuta ndani ya kiwele. Naomba tuyalinganishe kwa ushahidi, kwa sababu vitabu nilivyo navyo huyataja yote bila kusema lipi linabeba uzito.

Seli_na_Homoni

Ndugu Mwanakiwele, nimefanya kazi na panya wanaonyonyesha kwa miaka mingi, na kwa mnyama huyo insulini huwezi kuiweka pembeni. Tezi ya maziwa ya panya hutumia glukosi kuwa malighafi kuu ya asidi za mafuta. Mnyime chakula kwa saa 24, na utengenezaji huo karibu unakoma. Mrudishie chakula, na baada ya saa chache tu kazi inarejea. Kimeng'enya kinachoshika ufunguo ni asetili-KoA kaboksilesi. Insulini ikishuka, kimeng'enya hicho hupachikwa fosfati na kulala. Ikipanda, fosfati huondolewa nacho kikaamka.

Prolaktini, homoni ya kutoa maziwa, nayo ina kazi yake, na inaonekana vizuri zaidi kwenye lipoprotini lipesi, kimeng'enya kinachovunja trigliseridi za damu ili asidi zake ziingie kwenye seli. Panya anaponyonyesha, kimeng'enya hiki hupanda kwenye tezi ya maziwa na kushuka kwenye mafuta ya mwili, hivyo mafuta ya chakula yanaelekezwa kwa watoto badala ya kwenda ghalani. Kisha kuna majaribio ya vipande vya tezi ya sungura mwenye mimba, ambayo mimi huyapenda kuliko mengine yote kwa sababu yanaonyesha jambo bila kuficha kitu. Kipande chembamba kinalazwa juu ya kimiminika chenye insulini, kotikosteroni na prolaktini kwa pamoja, na baada ya siku chache kinaanza kutoa asidi zenye kaboni 8 na 10, ambazo ndizo alama ya maziwa ya sungura.

Kwa hiyo nasimama upande wa homoni, nikijua kwamba sijawahi kumshika ng'ombe maabara.

Mcheuaji

Mkuu Seli_na_Homoni, ushahidi wako ni sahihi kabisa kwa panya, na hapo ndipo wengi wanapoteleza wanapouhamishia kwa ng'ombe. Kiwele cha mnyama anayecheua hakitumii glukosi kutengeneza asidi za mafuta kwa kiasi cha maana, kwa kuwa kimeng'enya kinachokata sitrati ili kutoa asetili-KoA (kijenzi cha asidi za mafuta) nje ya mitokondria kina nguvu ndogo sana kwake. Malighafi yake ni asetati kutoka rumeni na beta-hidroksibutirati. Glukosi yake adimu huihifadhi kwa laktosi na gliseroli, na sehemu yake husaidia kupata NADPH, molekuli inayohitajika katika kujenga asidi za mafuta.

Dhana ya insulini ilipimwa moja kwa moja. Watafiti walimwekea ng'ombe insulini kwa mishipa kwa siku kadhaa huku wakimwongezea glukosi ili sukari ya damu isishuke, na mafuta ya maziwa yalipungua kidogo tu, mbali na ule upungufu wa nusu. Tena, asidi zilizopungua zilikuwa hasa zile ndefu zinazotoka kwenye mafuta ya mwili, jambo linaloeleweka kwa kuwa insulini huzuia mafuta hayo yasiyeyushwe. Shikeni hapo, kwa maana tutaihitaji hoja hii.

Dhana ya asetati nayo ina tatizo. Ng'ombe anapolishwa nafaka nyingi, uwiano wa asetati kwa propionati hushuka kwa sababu propionati imepanda sana, wakati asetati inayozalishwa haipungui kwa kiwango kinachoelezwa. Na ukimwongezea asetati ng'ombe aliyekwisha kushuka mafuta, hupati sehemu kubwa ya kile kilichopotea.

Linabaki la tatu. Mwaka 2000, Baumgard na wenzake katika maabara ya Dale Bauman, Chuo Kikuu cha Cornell, waliingiza gramu 10 kwa siku za asidi linoleiki kiunganishi aina ya trans-10, cis-12 (namba huonyesha vifungo vyake vilipo) moja kwa moja kwenye tumbo la nne, ili ipite rumeni bila kuguswa. Mafuta ya maziwa yalishuka kwa zaidi ya asilimia 40. Ndugu yake wa karibu, cis-9, trans-11, mwenye kaboni zilezile na vifungo viwili vilevile ila vimekaa mahali pengine, hakufanya lolote. Katika jaribio lililofuata, gramu 3.5 tu zilitosha kupunguza robo ya mafuta. Fikirini ng'ombe anayekula kilo 20 na zaidi za chakula kikavu kwa siku, halafu vijiko vichache vya asidi moja vinabadilisha maziwa yake.

Mpima_Mafuta

Naunga mkono, na nitaeleza ninachokiona mezani. Kwa njia ya Gerber, unamimina asidi ya salfuriki kwenye butirometa, unaongeza maziwa na mililita moja ya alkoholi ya amili, unaizungusha kwenye mashine, unailaza kwenye maji ya nyuzijoto 65 za Selsiasi, kisha unasoma safu ya mafuta ya rangi ya dhahabu kwenye shingo ya kioo. Safu hiyo inakwambia kwamba mafuta yamepungua. Haikwambii ni yapi.

Jibu liko kwenye kromatografia ya gesi, mashine inayotenganisha asidi za mafuta na kuzichora moja moja. Asidi zenye kaboni 4 hadi 14 hutengenezwa na kiwele chenyewe. Zenye kaboni 18 huja na damu tayari. Zenye kaboni 16 zinatoka pande zote mbili. Ng'ombe anapoanza kushuka mafuta kwa sababu ya chakula, mistari ya kaboni 8, 10, 12 na 14 huinama zaidi kuliko ile ya kaboni 18, ingawa yote hupoteza kitu. Hii ni kinyume cha picha ambayo insulini ingetoa, kama alivyosema Mcheuaji. Na pembeni ya kilele kikubwa cha asidi oleiki, kichuguu kidogo cha trans-10 chenye kifungo kimoja huanza kunyanyuka. Huwa nakitazama hicho kabla ya kitu kingine chochote, maana ndicho kinachosema kwamba njia ya rumeni imebadilika.

Seli_na_Homoni

Nimekubali kwa ng'ombe aliye katikati ya kipindi cha maziwa, lakini naomba homoni zisifukuzwe zote. Mmezungumzia utengenezaji ndani ya seli pekee. Nani anaamua asidi ndefu zifike kwenye kiwele au zirudi mgongoni mwa ng'ombe? Homoni ya ukuaji, ambayo kwa ng'ombe ndiyo yenye nguvu ya kusukuma maziwa kama prolaktini ilivyo kwa panya, hupunguza utengenezaji wa mafuta kwenye ghala la mwili. Ng'ombe akiwa na upungufu wa nishati, hufanya ghala hilo liyeyushwe kwa wepesi zaidi. Wiki za kwanza baada ya kuzaa, insulini iko chini, asidi huru za damu ziko juu, na asilimia ya mafuta hupanda kwa asidi ndefu zilizochotwa mwilini.

Mcheuaji

Hapo hatubishani, na nashukuru umeliweka wazi. Mimi ningeligawa hivi: homoni huamua mgao wa virutubisho kati ya mwili na kiwele, na asidi ya rumeni hushika swichi ndani ya kiwele. Trans-10, cis-12 hupunguza SREBP1, protini inayowasha jeni za utengenezaji wa mafuta, na ndiyo maana asetili-KoA kaboksilesi, sintesi ya asidi za mafuta na lipoprotini lipesi hushuka kwa pamoja. Hilo linaeleza pia kwa nini asidi ndefu nazo hupungua.

Mfuga_Mbuzi

Nyongeza fupi: msimhesabu mbuzi kuwa ng'ombe mdogo. Mbuzi akiongezewa mafuta ya mimea, mara nyingi mafuta ya maziwa yake hupanda, na asidi hiyo mnayoitaja humgusa kwa nguvu ndogo zaidi. Anayetaka kuonyesha upungufu huu kwa uwazi asichague mbuzi.

Mwanakiwele

Nawashukuru sana, ndugu zangu. Panya nitamweka kwenye sehemu ya insulini na prolaktini, na ng'ombe kwenye sehemu ya rumeni. Swali la mwisho: nikitaka kupendekeza jaribio litakalotenganisha maelezo haya, siku ngapi zinatosha?

Mpima_Mafuta

Kwa asidi inayoingizwa tumbo la nne, siku 4 au 5 zinatosha. Kwa kubadilisha chakula, mpe siku 7 hadi 10 mafuta yashuke, na wiki mbili hivi yarudi baada ya kumrudishia nyuzi. Chukua sampuli za maziwa na damu siku ileile, ili insulini, asidi huru na mistari ya kaboni 4 hadi 18 visomwe kwa mnyama mmoja, na maziwa ya asubuhi na jioni uyachanganye kwa uwiano wa wingi wake, kwa sababu mafuta ya mikamuo hiyo miwili hayalingani.

Mcheuaji

Na uongeze kundi moja linalopewa asetati ya ziada likiwa kwenye chakula cha kawaida. Asetati hupandisha mafuta kwa ng'ombe mwenye afya ya rumeni, na usipokuwa na kundi hilo, msomaji wako atakuuliza mbona dhana ya kwanza umeizika ikiwa bado inapumua.