MJADALA: Kirusi kipya kikiingia, tutangaziwe waliothibitishwa tu, au na makisio ya walioambukizwa?

Wakuu, kila kirusi kipya kinapozuka tunagombana kwa jambo lilelile, basi tulijadili kabla joto halijapanda. Jioni inatangazwa: wagonjwa wapya kadhaa, jumla kadhaa. Papo hapo tunagawanyika. Huyu anasema ni hao hao tu, mnatutia hofu bure. Yule anasema namba zinafichwa, mbona watu wanakohoa kila kona. Anatokea wa tatu anaapa aliugua ugonjwa huohuo miezi miwili kabla haujatangazwa, kwa hiyo umeshatupitia sote, tuendelee na maisha.

Mimi nasema idadi ya waliothibitishwa haiwezi kumjibu yeyote kati ya hao watatu. Ni hesabu ya samaki walionaswa, na matundu ya wavu tumeyapanga wenyewe: nani anaruhusiwa kupimwa, vipimo vipo vingapi, majibu yanachukua siku ngapi. Ukipima waliolazwa tu, utawaona waliolazwa tu. Msimamo wangu: tangu siku za mwanzo mamlaka za afya zitangaze na makisio ya walioambukizwa, pamoja na kiwango chake cha chini na cha juu. Mnaopinga, karibuni.

Kabla hamjaniambia makisio ni ramli, kumbukeni Wuhan, mji wa China ambako UVIKO-19 ilionekana kwanza. Katikati ya Januari 2020 waliokuwa wamethibitishwa pale walikuwa 41. Lakini wagonjwa waliotokea mji huo walikuwa wameshaonekana nje ya China: wawili Thailand, mmoja Japani. Watafiti wa Imperial College London wakajiuliza, mji wenye wagonjwa 41 unawezaje kusafirisha watatu kwa ndege? Hesabu yao hata mwanafunzi wa sekondari anaifuata. Uwanja wa ndege wa Wuhan ulihudumia eneo la watu kama milioni 19, na kila siku abiria wapatao 3,300 walielekea nchi za nje. Ukichukua siku 10 tangu mtu aambukizwe hadi agundulike, katika muda huo anasafiri mtu mmoja kati ya 570 na ushee. Basi kila mgonjwa aliyenaswa nje ana wenzake zaidi ya 570 waliobaki nyumbani. Zidisha mara tatu. Wao walipata 1,723.

Na hawakuishia hapo, walisema wazi kwamba idadi halisi inaweza kuwa popote kati ya 427 na 4,471. Mtu atacheka: pengo gani hilo! Lakini tazama kile kiwango cha chini. Hata kama walikosea kwa kuzidisha, kiwango hicho ni mara kumi ya 41. Kwa mtu anayepanga vitanda na barakoa, hiyo pekee ilitosha kumwamsha usingizini.

Wengi wanaobaki nje ya wavu hawajifichi, hawajui tu kwamba wameambukizwa. Meli ya watalii ya Diamond Princess, iliyowekwa karantini Yokohama, Japani, Februari 2020, ilitupa nafasi adimu kwa sababu watu wake karibu wote walipimwa, wenye dalili na wasio nazo. Kati ya 3,711 waliokuwemo, 712 walikutwa na kirusi, na takriban nusu hawakuwa na dalili siku walipopimwa. Wangekuwa nchi kavu, nani angewapeleka maabara?

Sasa nigeukie kundi la "umeshatupitia sote", maana hawa wamekuwa wakipiga makofi tangu aya ya kwanza. Polepole, ndugu zangu. Kuwa wengi kuliko waliotangazwa hakumaanishi kuwa wengi kuliko sisi tuliobaki. Hispania ilipima kingamwili, yaani alama katika damu kwamba mtu aliwahi kuambukizwa, za watu zaidi ya 61,000 waliochaguliwa kwa bahati nasibu mwaka 2020, baada ya wimbi la kwanza lililojaza hospitali zake. Waliokutwa nazo walikuwa kama asilimia 5. Hao ni takriban mara kumi ya waliokuwa wamethibitishwa, sawa, lakini asilimia 95 kirusi kilikuwa bado hakijawafikia. Kenya nako, damu ya wachangiaji 3,098 iliyopimwa kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Juni 2020 ilitoa makisio ya asilimia 4.3 kwa nchi nzima. Waliothibitishwa nchini wakati huo walikuwa maelfu machache tu, ilhali asilimia hiyo ni zaidi ya watu milioni mbili. Wanaosema namba zinafichwa na wanaosema tunatiwa hofu bure, wote wanaweza kuinyakua takwimu hiyo moja na kujitangazia ushindi.

Kuna mtego mwingine ambao hatuuzungumzii vya kutosha. Ugonjwa ukiwa bado mchache, kipimo chenyewe huzaa wagonjwa hewa. Aprili 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipima kingamwili za watu 3,330 huko Santa Clara, California. Waliokutwa nazo ni 50. Baada ya marekebisho wakakisia kwamba walioambukizwa ni mara 50 hadi 85 ya waliothibitishwa, na habari ikaenea kuliko kirusi. Wakosoaji wakauliza mambo mawili. Kwanza, watu waliitwa kwa matangazo ya Facebook, sasa nani atakimbilia kupimwa kama si yule aliyewahi kujihisi mgonjwa? Pili, 50 kati ya 3,330 ni asilimia 1.5. Kipimo kikikosea kwa mtu mmoja tu katika kila 100 wasio na kingamwili, tayari una watu 33 hewa kati ya wale 50.

Nimerudi kujibu, maana hoja zimeshaanza.

Ndugu uliyesema makisio yatazua taharuki: taharuki ipo tayari, inalishwa na sauti za WhatsApp za "daktari" asiye na jina. Tofauti ni kwamba yule hatoi kiwango cha chini.

Uliyesema uliugua kabla ya tangazo, sikubezi. Ufaransa ilitangaza wagonjwa wake wa kwanza tarehe 24 Januari 2020, kisha hospitali moja karibu na Paris ikarudia kupima sampuli zilizohifadhiwa na kukuta kirusi katika sampuli ya mgonjwa wa tarehe 27 Desemba 2019. Kwa hiyo kilikuwepo kabla. Ila sampuli zilizopimwa upya zilikuwa 14, zote za watu waliolazwa mahututi, na iliyokutwa nacho ni hiyo moja. Kikohozi chako cha Desemba kina uwezekano mkubwa wa kuwa miongoni mwa zile 13.

Hoja iliyonibana ni ya aliyeuliza iwapo makisio yatolewe kwa taifa zima au kwa kila wilaya. Ya taifa hayamsaidii mganga wa wilaya kujua aombe vitanda vingapi. Ya wilaya yatamfanya anayetoka huko akataliwe chumba na kunyimwa kiti kwenye basi, na atakayejihisi mgonjwa atasema ametoka kwingine, jambo litakaloharibu hata makisio yanayofuata. Kichwa kinaniambia tutoe ya wilaya. Ila sijawahi kukataliwa kiti kwenye basi kwa sababu ya nilikotoka, na ningependa kusikia kwanza kwa waliowahi.