Waliowahi kukutana na viumbe wa ajabu majini tupeane uzoefu, naanza na silikanti, samaki wetu wa kale wa Tanga

Mtoto wa Sahare

Habari zenu wakuu. Juzi kijiweni hapa Deep Sea palizuka ubishi, kijana mmoja katoa simu anaonyesha lile joka la ziwa Loch Ness kule Scotland, anasema madude ya kale bado yapo majini, mwenzie akamkatisha akasema hizo hadithi za mabibi, hakuna kiumbe cha zama za dinosaria kilicho hai leo. Mie nikashindwa kunyamaza maana huyu wa pili kazaliwa Tanga hii hii, na kiumbe ambacho ukoo wake ulikuwepo zama hizo mie nimekishika kwa mikono yangu.

Ilikuwa mwaka 2004, nilikuwa nafuata chombo cha ami yangu, tunatega jarife la papa nje ya miamba upande wa Kigombe. Alfajiri tunavuta, jarife zito, tukajua ni papa au taa. Likatokea dude refu karibu sawa na mimi, rangi buluu iliyopauka, mabaka meupe mwili mzima kama mtu kapiga chokaa ikamrukia. Magamba yanakwaruza kama tupa. Ukimulika tochi jicho linarudisha mwanga wa kijani. Ila kilichotushtua wote ni mapezi, hayakuota mwilini kama ya samaki wengine, yameota kwenye vigingi vya nyama kama kijimkono cha mtoto, na alikuwa hajafa, anayachezesha la mbele kulia pamoja na la nyuma kushoto, halafu anabadilisha, vile vile mbuzi anavyotembea. Ami akasema rudisheni baharini huyo si samaki. Tukamwachia, lakini alikuwa keshachoka, akageuka tumbo juu, ndo tukampakia. Mikono yangu ilibaki na mafuta mpaka jioni, nimesugua na sabuni ya mche mara tatu hayatoki. Mnadani hakuna aliyemtaka.

Ndo baadaye nikaja kujua tulibeba silikanti. Wataalamu walikuwa wanamjua kwa mifupa iliyogeuka mawe tu, ukoo wake una miaka kama milioni 400, wakaandika kwamba ulikwisha pamoja na dinosaria miaka milioni 66 iliyopita. Desemba 1938 meli ya uvuvi ikamleta mmoja bandari ya East London, Afrika Kusini, na mama aliyemtambua kuwa si samaki wa kawaida ni Marjorie Courtenay-Latimer wa makumbusho ya pale. Hakupata pa kumhifadhi kwenye ubaridi, nyama ikaanza kuharibika, ikabidi akaushwe ngozi na matumbo yakatupwa. Profesa Smith, mtaalamu wa samaki wa huko huko, akaahidi zawadi ya pauni 100 kwa atakayeleta mwingine na ilichukua miaka 14, mpaka 1952 alipopatikana Komoro, na kumbe Wakomoro walikuwa wanamvua siku zote wanamwita gombessa! Hapo ndo pananiuma. Aliyekuwa hajui ni profesa, mvuvi alikuwa anajua.

Mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria aliyechimbwa na Wajerumani kule Lindi kati ya 1909 na 1913 yuko Berlin, mifupa mitupu. Ukoo wa silikanti ulikuwepo kabla yake na leo anaogelea hapa nje, mwendo wa mashua.

Kwa hiyo jamani leteni yenu. Ombi langu moja tu, useme uliona wapi, saa ngapi, na kama hukuona wewe utaje ni nani aliyekusimulia, babu au jirani.

Binti Pangani

Asante kaka kwa uzi. Yangu ni ya utotoni, tumekaa na mama mdomo wa mto Pangani tunasubiri kivuko, jua linazama, maji yametulia kabisa, tukaona mgongo mweusi ukatoka majini, ukafuata wa pili, wa tatu mpaka wa tano kwa mstari mmoja kama nyoka mmoja mkubwa anajikunja. Watu walipiga kelele, mama akanivuta nyuma akaanza kusoma dua. Nimeishi na nyoka yule miaka karibu ishirini nawasimulia watu na naapa kabisa. Mwaka jana nimepanda boti kwenda fungu la Maziwe, nikaona kitu kile kile, safari hii mchana kweupe na karibu, pomboo watano wanafuatana wanapanda kuvuta pumzi kila mmoja kwa zamu yake. Nililia kidogo sijui kwa nini. Sikuwa muongo miaka yote ile, niliona nilichoona, mwanga tu ndo ulikuwa mdogo.

Msukuma wa Makorora

Mi nimekulia Mwanza nipo Tanga kikazi. Wenzangu wa pwani mnamsifia silikanti mnamsahau ndugu yake kamongo, wengine mnamwita kambare mamba. Yule ana mapafu, anapanda juu kuvuta hewa kabisa, na sehemu zinazokauka anajizika kwenye tope anajifunika ute anakaa humo miezi mpaka mvua irudi. Babu yangu alikuwa analima kando ya bwawa lililokauka, jembe likagonga donge la udongo mgumu, akalipasua na ndani kuna samaki anahema! Nilikuwepo, nilikuwa na miaka kama tisa, nilikimbia mpaka nyumbani. Nimekuja kusoma kwamba mwaka 2013 walipochambua vinasaba vya silikanti walikuta sisi wanyama wa miguu minne tuko karibu zaidi na ukoo wa kamongo kuliko silikanti. Na sisi kule tunamla tu na ugali.

Mwalimu wa Chumbageni

Niweke neno kuhusu hilo joka la Scotland maana wanafunzi wangu wananiuliza kila muhula. Ile picha maarufu ya shingo ndefu ya mwaka 1934 ilitengenezwa, ni kichwa cha kuchonga juu ya manowari ya kuchezea watoto, mmoja wa waliohusika alikiri uzeeni. Halafu 2018 profesa Neil Gemmell wa New Zealand na wenzake wakachota maji ya ziwa lile sampuli 250, wakatafuta vinasaba vya kila kilichopita humo, maana kiumbe hakiwezi kuishi majini bila kuacha ngozi, ute au kinyesi. Hawakukuta mtambaazi hata mmoja. Walichokuta tele ni samaki aina ya mkunga. Na ziwa lenyewe lilikuwa barafu mpaka kama miaka 10,000 iliyopita, sasa mnyama wa zama za dinosaria angekaa wapi muda wote huo?

Kongo nako vile vile, kuna mokele-mbembe, dude linalosimuliwa kuishi ziwa Tele, mtafiti Roy Mackal alikwenda huko mkoa wa Likouala 1980 na 1981 akarudi na masimulizi tu, hana mfupa. Mie siwadharau waliosimulia. Ila silikanti alipatikana akapimwa, na mnyama mkubwa kama tembo ziwani lazima awe na wazazi na watoto, hawezi kuwa mmoja peke yake karne na karne.

Mama Ngamiani

Mwalimu nimekuelewa. Ila na chunusi nae mtampima? Mdogo wangu alizama mtoni akiwa na miaka 11, kijana wa kuogelea, maji ya kiunoni. Wazee wakasema chunusi kamvuta. Sitaki kubishana na mtu, nimeandika tu kwa sababu umesema tuseme tuliyoyaona, na mie niliona mkono wake.

Mtoto wa Sahare

Pole sana mama, Mungu amrehemu. Hapo hatupimi kitu.

Mvuvi wa Zamani Kigombe

Mjukuu wangu ndo ananiandikia. Nyie mnasema 2004, sisi tulishawahi kumpata kabla ya hapo mara mbili, tukamtupa. Haliwi, nyama ni mafuta matupu, tumbo linaharibika. Hatukujua kama kuna mtu anamtafuta. Na sababu ya kuanza kupatikana sana naijua, baruti zilimaliza samaki wa mwambani, watu wakaanza kupeleka majarife kwenye kina kirefu, kwenye mapango ya chini ambako yeye analala mchana. Hakuja kwetu, sisi ndo tulimfuata.

Mtoto wa Sahare

Shikamoo mzee wangu. Maneno yako yamenigusa sana. Samaki huyu hazai mayai, anazaa watoto hai, jike aliyepatikana Msumbiji 1991 alikutwa na watoto 26 tumboni, na utafiti wa 2021 unasema mimba yake inachukua kama miaka mitano na anaweza kufika miaka mia. Sasa jarife moja likinasa jike mwenye mimba ndo umeondoa miaka mingapi hapo? Hifadhi ya bahari ya silikanti tunayo tangu 2009 ila jarife halijui mpaka, na wengi wetu mjini hapa hata jina lake hatulijui.

Mzee, hizo mara mbili ulizompata nataka nizijue vizuri, mlitega pima ngapi, ilikuwa kusi au kaskazi, alikuwa na ukubwa gani. Jumamosi hii nakuja Kigombe na daftari, mwambie mjukuu anielekeze nyumbani. Na wa Rufiji na Mafia mkiwepo humu, nguva mara ya mwisho mmemuona lini?