Niko na 75,000: nichukue DSLR kubwa ama ile kamera ndogo ya mfukoni?

nyar_dunga

Habari zenu wadau. Niko Kisumu upande wa Dunga, mwezi huu zamu ya chama imeniangukia na ukiongeza na kidogo nilichokuwa nimeficha inafika 75,000. Hii pesa ni ya kamera na si ya kitu kingine, mama tayari anajua, mabati ya jikoni yatangoja.

Nimepata mbili, zote zimetumika. Ya kwanza ni Canon 80D, ndo hiyo DSLR, yaani kamera kubwa yenye kioo ndani na lenzi ya kubadilisha, inakuja na lenzi ya milimita 18-135, jamaa wa mjini anataka 68,000. Ya pili ni Canon G7 X Mark II, ile ndogo, dada mmoja anauza 52,000. Nishashika zote. Ile kubwa ukibonyeza unahisi kabisa kuna kitu kimefunguka na kufungwa huko ndani, na ukiweka jicho kwa tundu unaona dunia venye iko, si skrini. Ile ndogo niliiweka kwa mfuko wa sketi nikatembea nayo mpaka kwa lango na kurudi nikawa sijui hata iko.

Mimi napenda picha za asubuhi. Saa kumi na mbili na nusu mashua za omena (dagaa) zinaingia, kwa zingine taa bado zinawaka, akina mama wamesimama maji yamefika magotini na karai mkononi. Na jua la huku halingoji mtu, ikigonga saa mbili mwanga ushakuwa mkali na kila mtu ana kivuli chini ya macho. Kwa hivyo nina kama saa moja na nusu na nusu yake ni gizagiza, na simu yangu hapo inatoa nyuso kama zimepakwa maji.

Alafu Agosti binti ya shangazi anaolewa huko Seme na wameshasema mimi ndo wa picha. Kanisa ni la mabati, madirisha madogo. Ikienda poa ningependa nianze kulipwa.

Na kuna kitu kingine. Nyanya yangu alituacha mwaka juzi na picha yake ya kueleweka ni moja tu, tuliitoa kwa kitambulisho tukaikuza mpaka ikaanza kuonyesha vidoti, ndo hiyo iliwekwa juu ya jeneza. Miaka yote hiyo tuliishi naye na hakuna mtu alikuwa na kamera karibu akicheka. Sitaki hiyo irudi kwa mama.

Kwa hivyo nauliza, hii kubwa itanipa picha nzuri zaidi kwa kiasi gani haswa? Na mnaishi nayo aje?

boda_wa_kondele

Kwani simu yako ni gani? Hiyo 75 chukua simu kali umalizane, picha unatuma hapo hapo. Kamera ni mzigo.

PichaZaNax

Dada, mimi nimepiga harusi hapa Nakuru na Naivasha miaka saba, wacha nikwambie kitu wauzaji hawasemi. Usipime kwa ukubwa wa kamera, pima mwanga unaofika kwa sensa, kile kipande cha ndani kinachonasa picha. Sensa ya 80D ni kama milimita 22 kwa 15, ya G7 X ni kama 13 kwa 9, yaani kubwa ina karibu mara tatu ya eneo, na hapo kila mtu anafunga hesabu anasema kubwa imeshinda. Lakini angalia lenzi. Namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni pana na mwanga mwingi unaingia. Ya G7 X inafunguka f/1.8 kabla hujavuta, na ukivuta mpaka mwisho bado uko f/2.8. Hiyo 18-135 inaanzia f/3.5 na ukivuta inajifunga mpaka f/5.6. Kutoka 2.8 mpaka 5.6 umepoteza mwanga mara nne! Sasa sensa imekupa mara tatu, lenzi imekunyang'anya mara nne, umebaki na nini? Ndani ya lile kanisa la mabati umelipa 68,000 upate picha ile ile ya 52,000, na shingo inauma juu yake.

Dawa si kukataa kubwa, dawa ni lenzi. Mwambie huyo jamaa akuuzie bodi peke yake, yaani kamera bila lenzi, alafu hiyo tofauti tafuta 50mm ya f/1.8, ni moja ya lenzi za bei nafuu kabisa za Canon na imelisha watu wengi sana hii kazi. Hapo sasa 80D inakuwa mnyama mwingine kabisa. Uso wa bibi arusi umekaa wembe, nyuma kumelainika, na ISO, ile namba ya kuongeza mwangaza wa picha gizani, hujaipandisha mpaka picha ikawa na mchanga.

Harusi pia ina mambo yake. 80D ina mahali pa kupachika fleshi ya nje juu, G7 X haina. Na kanisa la mabati bila dari usijaribu kuelekeza fleshi juu, ule mwanga unapotelea huko kwa paa na ukirudi umechoka, mimi humpa kijana ashike shuka jeupe pembeni nagonga fleshi hapo mwanga unarudi laini kwa uso. Betri ya 80D imekadiriwa picha kama 960, ya G7 X kama 265, na harusi ya kwetu inaanza asubuhi kwa kina bibi arusi wakisukwa na inaisha giza. Ukitaka video, 80D ina tundu la maikrofoni, ndogo hakuna. Alafu piga RAW, faili ghafi unayoweza kurekebisha mwanga wake baadaye (zote zinaweza), kwa sababu gauni jeupe linaidanganya kamera, inaona nyeupe nyingi inapunguza mwanga, na sisi wenye ngozi nyeusi tunatoka kivuli tupu. Nimeona albamu nzima ya hivyo, gauni linang'aa na bibi arusi hana uso, watu wamelipa pesa yao. Iliniuma na sikuwa hata mimi niliyepiga.

mwalimu_luanda

Mimi napingana kidogo na PichaZaNax ingawa kwa harusi amesema kweli.

Nilikuwa na DSLR nzuri miaka minne. Bodi na lenzi kama ya kwako hiyo ni kilo moja na robo, ongeza begi, chaja, betri ya pili. Kwa matatu ya kutoka Luanda kwenda Kisumu unaikalia mapajani kama mtoto. Mwaka wa kwanza nilienda nayo kila mahali, wa pili nilienda nayo kukiwa na sherehe, wa tatu ilikuwa juu ya kabati. Na si uvivu. Ukiitoa sokoni kila mtu anabadilika, mama wa nyanya anauliza hii inaenda gazeti gani na nani analipwa, mtoto aliyekuwa anacheza anasimama wima mikono pembeni kama anaimba wimbo wa taifa. Picha uliyoiona imeshaenda.

Umetaja nyanya yako. Ile picha umeikosa haikukosekana kwa sababu ya sensa, nyinyi mlikuwa hamna kamera mkononi wakati anacheka. Fikiria hapo kwanza alafu ndo uje kwa f ngapi.

msitu_kwanza

Mulembe dada. Mimi natembeza wageni msitu wa Kakamega na niko na zote mbili. Swali langu ni moja, utapiga vitu vya mbali? Kuna ndege tunamwonyesha kila mgeni, ni yule mkubwa wa bluu anayetembea juu ya matawi kama kuku aliyepanda mti, yuko juu kabisa na chini ya majani ni giza saa sita mchana. Ile ndogo inavuta mpaka milimita 100 tu (namba ikiwa kubwa ndo kitu cha mbali kinakaribia), ndege anatoka kama doa. Lenzi ya 55-250 kwa hiyo 80D unazidisha na 1.6 kwa sababu ya ukubwa wa sensa yake unapata 400, hapo unahesabu manyoya. Hata wale vifaru wa Lake Nakuru ni hivyo hivyo, huruhusiwi kushuka kwa gari ukawasogelee, unategemea lenzi. Lakini kama mashua zinakuja mpaka miguuni pako, hiyo sababu haikuhusu.

Boda, simu nzuri mchana sawa. Saa kumi na mbili asubuhi kwa maji, sensa ya simu nyingi ni ndogo kuliko hata ya hiyo G7 X, na ukivuta mara nyingi ni kukata picha tu.

Kitu kingine, jua. Ile ndogo haina tundu la kuweka jicho, skrini peke yake. Ikifika saa tatu ziwani huoni kitu, unabahatisha.

fundi_wa_lenzi

Kabla hujatoa hata shilingi, fanya hivi. Natengeneza hizi vitu na kila wiki naletewa kamera mtu amenunua jana.

80D: shata yake, ule mlango wa ndani unaofunguka na kufungwa kila picha, imekadiriwa mizunguko 100,000. Uliza imepiga ngapi na usikubali neno la mdomo, Canon haiandiki hiyo hesabu ndani ya picha kama Nikon, inatakiwa programu kwa kompyuta. Toa lenzi uipige tochi kutoka nyuma ukiangalia kwa mbele, ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui hiyo ni kuvu, na huku karibu na ziwa kuvu ni ugonjwa wa kawaida kwa sababu watu wanafungia lenzi kwa mfuko wa ngozi miezi sita. Weka f/16 upige karatasi nyeupe ama anga, ukiona vidoti vimekaa mahali pamoja kila picha ni vumbi kwa sensa. Hiyo isikutishe, inasafishwa.

Ndogo: iwashe na kuzima mara ishirini. Sikiza ile lenzi ikitoka. Ikilia krrr ama ikisita kidogo, mrudishie mwenyewe na utembee. Ile mirija inayotoka na kuingia inavuta vumbi na mchanga kila siku, na likishafika ndani hutoi kwa kupuliza, ni kufungua yote, na kazi ya kufungua inakaribia bei ya kamera. Na wewe uko ufuoni! Mchanga ndo adui yako. Usiiwashe ikiwa ndani ya mfuko, na isikae mfuko mmoja na mahindi ya kuchoma na funguo.

Na bei za DSLR zimeshuka kwa sababu Canon na Nikon nguvu zao zote sasa wamepeleka kwa zile kamera zisizo na kioo ndani. 68,000 usikubali haraka.

nyar_dunga

Asanteni sana, nimesoma zote mara mbili na nikafanya kile PichaZaNax na fundi walisema, sikununua, niliomba kujaribu. Yule jamaa alikubali tuende pamoja na kamera yake, dada naye akaniachia yake kutwa nzima.

Tulienda kwa kanisa letu hapa, nalo ni la mabati, saa kumi na moja jioni. Kwaya ilikuwa mazoezini. Nikasimama mahali pamoja nikavuta mpaka uso wa mwimbaji mmoja ujae, zote mbili kasi ya 1/60 ya sekunde. 80D na hiyo lenzi yake ilinitaka ISO 6400, ndogo ikataka 1600. Nyumbani nimeziweka kwa kompyuta ya binamu nikamwita mama nikamuuliza gani ni gani, hakuweza kusema. Mimi mwenyewe nilikuwa naangalia ile ya ndogo naona nywele za kwa nyusi vizuri kidogo kuliko ya kubwa.

Lakini pia lazima niseme ile kubwa ilinishika. Kuna mtoto alikuwa anakimbia katikati ya viti, 80D ilimkamata picha tano mfululizo zote kali, ndogo ilinipa moja, zingine ni kivuli kinapita. Na msitu_kwanza, kwa skrini umesema kweli, saa tatu pale kwa maji niliona uso wangu tu.

Asubuhi nilienda na ndogo peke yangu. Kuna mama mmoja huanika omena kwa nyavu, namjua tangu nikiwa mdogo. Nilipiga mkono wake ukisambaza zile samaki, magamba yamebandika mpaka kwa kiwiko yanang'aa kama mtu amemwaga sarafu, na nyuma taa ya mashua ya mwisho bado inawaka. Hakuacha kuongea na mwenzake hata sekunde. Kesho yake nikajaribu na 80D ya yule jamaa, mahali pale pale, akavuta leso akajifunga vizuri na kusimama.

Nimechukua ndogo, 50,000, dada alipunguza. Lenzi haikulia mara zote ishirini nimehesabu. Kwa ile 25,000 iliyobaki, ya harusi ya Agosti nimeongea na mtu wa studio hapa mjini anikodishie bodi na 50mm ya f/1.8 kwa siku mbili, moja ya kuizoea na moja ya kazi, na shuka jeupe liko. Nikianza kulipwa kweli ndo nitafute bodi yangu bila hiyo 18-135.

Jana usiku stima ilipotea, mama alikuwa anachambua maharagwe na taa ya kuchaji, mjomba akasema kitu kuhusu jogoo wa jirani. Iko hapa, f/1.8, ISO 3200, macho yamefungika kwa kicheko na mkono mmoja umejaa maharagwe. Nimeshaichapisha mbili, moja iko ukutani.

fundi_wa_lenzi

Hongera dada. Hiyo ndogo ilaze kwa kontena ya plastiki na zile pakiti za kukausha unyevu zinazokuja kwa boksi za viatu, na usinunue memori kadi ya bei rahisi ya kushangaza, ijaze picha mpaka mwisho kabla ya Agosti uone kama zote zinafunguka.

PichaZaNax

Siku ile ya kuizoea hiyo 50mm niandikie hapa. Kumbuka kwa bodi hiyo inakuwa kama 80, kwa hivyo rudi nyuma hatua tatu kuliko vile umezoea, la sivyo utakata kichwa cha bwana harusi.