Tupeane uzoefu: mtaa mpya ulianza lini kukuamini?

Wapendwa, nilihamia Mbagala simjui mtu. Jirani wa mlango wa pili akaniingiza kwenye mchezo wao wa kupeana hela kwa zamu: watu 12, elfu 20 kila Jumamosi. Kijumbe, yule anayekusanya hela na kupanga zamu, akanipa namba 12. Iliniuma sana. Baadaye nikaelewa kwamba anayepokea mwanzo anabaki na deni la wenzake wote, na mgeni akishachukua anaweza kuhama usiku. Nikatoa kila Jumamosi bila kuchelewa. Sikutuma kwa simu, nilipeleka mkononi, maana pale barazani kwa kijumbe ndipo nilipojua nani anauguza na mtoto wa nani kafaulu.

Mzunguko wa pili nilipewa namba 9. Wiki ya pili tu mwanangu akalazwa. Aliyekuwa na zamu akaja wodini na hela yote: "Chukua wewe, mimi nitapokea hiyo ya tisa." Nikikumbuka machozi yananitoka hadi leo.

Kwenu ilikuwaje?

*

Kwangu ni kikoba, kikundi cha kuweka na kukopa. Sanduku letu lina kufuli tatu, na kila ufunguo una mtu wake. Mwaka wa tatu wakanichagua nishike mmoja, mimi niliyekuja na begi moja kutoka Singida. Usiku ule nililala nao shingoni.

*

Mimi nina duka, niseme ya upande wetu. Kwenye daftari la madeni simwogopi asiye na hela. Yule anayepita mbele ya duka, akasalimia na kusema "leo sijapata," huyo kesho namkopesha tena. Anayezunguka njia ya nyuma kwa deni la mia tano ndiye ananinyima raha.

*

Mimi niko Likoni, Mombasa. Jirani alifiwa na mamake. Nilikaa naye jamvini siku zote tatu, na maneno ya kumwambia sina. Tangu hapo akienda sokoni wanawe huniachia mimi.

*

Mimi bado. Miaka miwili Dodoma, nyumba ina geti, jirani namjua gari tu. Naanzia wapi?

*

Dada wa Dodoma, mleta uzi hapa. Omba kitu. Yule wa mlango wa pili nilimwomba ungo, na alipokuja kuuchukua ndipo akaniambia habari za mchezo.