Kocha wetu wa "pointi moja si haba": abaki au aondoke?

Wadau wa soka wa Arusha, naliweka hili hadharani kwa sababu kila kijiwe linazungumzwa na kila kijiwe linaishia kwa kelele. Timu yetu haifungwi ovyo. Hilo nalikubali mapema kabla mtu hajanishika shati. Lakini haishindi. Tunatoka sare na waliotuzidi, tunatoka sare na wanaoburuza mkia, na baada ya kila mechi kocha mkuu anarudia maneno yale yale: pointi moja si haba. Mimi nasema abadilishwe. Naeleza kwa nini, halafu mwenye hoja nyingine naye aseme.

Nianze na mechi ya mwisho pale uwanja wa Sheikh Amri Abeid. Tulipata bao mapema, mpira wa kona, beki wetu wa kati akapanda juu akatia kichwa. Uwanja ukalipuka. Shangwe hazijatulia bado, namwona kocha amesimama kwenye mstari, mikono miwili inasukuma hewa kuelekea golini kwetu: rudini, rudini! Kipindi cha kwanza hakijafika hata nusu. Straika wetu akarudi kukaba katikati ya uwanja. Kipindi cha pili akatolewa kiungo mshambuliaji, akaingia beki wa tano. Wale wapinzani nusu saa nzima walikuwa wanabutua tu, lakini kuanzia hapo wakaanza kugonga pasi zao kwa raha, maana hakuna wa kuwasumbua. Dakika za lala salama ikatoka faulo nje kidogo ya boksi, mpira ukazagaa, wakasawazisha. Moja moja. Nimeiona mechi hiyo hiyo msimu huu mara nyingi mno, jezi za wapinzani ndizo zinazobadilika.

Ila matokeo siyo yaliyonikosesha usingizi. Kuna chalii wetu anacheza winga ya kulia, jina lake nalihifadhi. Kabla hajasajiliwa nilikuwa namwona kwenye viwanja vya vumbi, anamchukua beki, anampita, anamsubiri, anampita tena, na wamama wanaouza karanga pembeni wanaacha biashara wanatazama. Juzi nilikaa mzunguko, upande wake kabisa, karibu kiasi cha kuona macho yake. Alipata mpira mara nne au tano, yeye na beki mmoja tu, nyuma ya beki uwazi mtupu. Kila mara akakanyaga mpira, akageuza shingo kutazama benchi, akarudisha pasi nyuma. Mara ya mwisho beki wa watu alikuwa ameshateleza yuko chini! Chalii akatazama benchi, akarudisha nyuma.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Kukaa nyuma dhidi ya timu kubwa ugenini nakuelewa, kila kocha mwenye akili anafanya. Huyu amewafundisha vijana kuogopa nyumbani kwao, wakiwa mbele kwa bao, dhidi ya timu wanayoiweza. Na kijana wa miaka kumi na tisa akishazoea kuomba ruhusa ya kumpita beki, miaka miwili baadaye hana tena cha kuombea ruhusa.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana watetezi wa kocha wanapenda sana hesabu. Zamani ushindi ulikuwa pointi 2 na sare pointi 1. Enzi hizo sare ilikuwa nusu ya ushindi, na kocha wa kujilinda alikuwa na hoja nzito. Uingereza walibadilisha mwaka 1981 wakaweka pointi 3 kwa ushindi, Kombe la Dunia likafuata mwaka 1994, na sasa ndiyo kanuni kila mahali, hata daraja letu. Maana yake ni kwamba timu iliyotoka sare mechi tatu na timu iliyoshinda moja ikafungwa mbili zote zina pointi 3. Ukishinda mbili ukafungwa moja una 6, umemwacha mbali mwenye sare tatu ambaye hajafungwa kabisa. Timu inayotaka kupanda daraja haiwezi kupanda kwa sare. Kocha wetu anaendesha timu kwa hesabu ya pointi 2.

Nikasema hivi kijiweni, mzee mmoja ninayemheshimu sana, ameanza kwenda uwanjani sisi hatujazaliwa, akanijibu: "Mwanangu, Ugiriki walichukua Kombe la Ulaya, Euro 2004, kwa kujilinda. Mbona husemi hilo?" Ni kweli kabisa, shikamoo mzee. Kocha wao Otto Rehhagel aliwatoa Ufaransa 1-0, Jamhuri ya Czech 1-0, na fainali akamfunga mwenyeji Ureno 1-0 palepale Lisbon. Lakini hebu tuwatazame vizuri Wagiriki. Mechi ya ufunguzi dhidi ya Ureno hao hao walikwenda kufunga mawili, wakashinda 2-1. Na yale mabao matatu ya 1-0 yote yalikuwa ya vichwa. Walijua bao litatoka wapi, krosi au kona, na nani atakuwa pale. Walikaba vizuri kisha wakaenda kuchukua kilicho chao. Sisi tukishakaba, mpira unabutuliwa kwa straika aliye peke yake kati ya mabeki watatu, unarudi, tunaanza upya. Nimhukumu vipi kwa kipimo cha Rehhagel kocha ambaye straika wake hapewi krosi?

Na tusisahau yaliyotupata wenyewe. Tarehe 21 Januari 2024, AFCON (Kombe la Mataifa ya Afrika) ya Ivory Coast, timu yetu ya taifa, Taifa Stars, na Zambia pale San-Pedro. Msuva wetu alifunga dakika ya 11. Kabla ya mapumziko Zambia wakapata kadi nyekundu, wakabaki kumi. Bao mkononi, mtu mmoja zaidi, kipindi kizima mbele yetu. Nilitazamia kwenye banda la kuonyesha mpira, watu tumebanana mpaka mlangoni, na kadiri dakika zilivyokwenda ndivyo Stars walivyozidi kurudi nyuma, na sisi tuliokuwa tunaimba tukaanza kunyamaza mmoja mmoja. Dakika ya 88 Daka wa Zambia akasawazisha kwa kichwa. Kundi tukalimaliza mkiani na pointi 2. DR Congo walioshika nafasi ya pili walikuwa na 3. Nikiona timu yetu inarudi nyuma dakika ya ishirini, huwa naliona lile banda.

Najua jibu linalokuja: hao hao DR Congo walivuka kwa sare tatu tupu. Na Stars wenyewe kwenye AFCON iliyofuata kule Morocco walifungwa 2-1 na Nigeria, wakatoka 1-1 na Uganda na 1-1 na Tunisia, na zile sare mbili zikatuvusha makundi kwa mara ya kwanza tangu tulipoanza kwenda mwaka 1980. Sawa. Ila yale ni makundi ya mechi tatu, ambapo hata mshindwa bora, yaani aliyeshika nafasi ya tatu kwa pointi nzuri, anavuka. Ligi ni msimu mzima, na hakuna nafasi ya mshindwa bora wa kupanda daraja.

Hoja inayonipa shida kweli, na sitaki kuipita haraka, ni ile ya kufukuza fukuza makocha. Soka letu lina ugonjwa huo. Timu ikifungwa mbili kocha nje, anakuja mwingine na mfumo wake, wachezaji wanaanza shule upya, miezi mitano baadaye naye nje. Viongozi wanaomba uvumilivu na kwa hilo wana haki. Pia ni kweli kikosi ni chembamba, na wachezaji wanaosubiri posho muda mrefu hawawezi kukimbia dakika tisini kama walioshiba. Kocha hakuyaleta hayo.

Lakini kuna mabadiliko ya hasira na kuna mabadiliko ya kufikiri. Kwenye AFCON ile ya 2024 Ivory Coast walipigwa 4-0 nyumbani na Guinea ya Ikweta, wakaachana na kocha Jean-Louis Gasset mashindano yakiendelea, wakampa timu msaidizi wake Emerse Faé. Wachezaji ni wale wale. Tarehe 11 Februari wakaifunga Nigeria 2-1 fainali wakabeba kombe. Hata TFF, shirikisho letu la soka, Novemba 2025 waliachana na kocha wa Stars Hemed Suleiman wakamkabidhi timu Miguel Gamondi, AFCON ikiwa imebakiza wiki chache. Wengi tulisema hapana, si wakati wake, maana Hemed ndiye aliyetufikisha robo fainali ya CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za ndani, Agosti ile. Timu ikaenda ikavuka makundi, na mwenyeji Morocco akatutoa kwa bao moja tu.

Kwa hiyo pendekezo langu ni hili. Tusitafute kocha wa kutoka mbali anayehitaji nyumba na gari. Uongozi umalizane na kocha kwa heshima, alipwe stahiki zake zote, maana ametupa safu ya ulinzi ambayo hatukuwa nayo, na hilo tumshukuru hadharani. Timu apewe msaidizi mpaka mwisho wa msimu. Anawajua vijana na mabeki atawakuta wameshapangika. Kazi yake iwe moja: kuwaruhusu walio mbele wacheze.

Na wakati ni sasa. Uwanja mpya wa AFCON 2027 unajengwa Olmoti, mji huu utapokea mataifa. Wakubwa wetu wanakumbuka timu za hapa, AFC na JKT Oljoro, zikicheza Ligi Kuu, Simba na Yanga wanakuja Arusha kutafuta pointi na wanazipata kwa jasho. Watoto wangu wanazisikia hizo kama hadithi. Uwanja wa maelfu ya viti usio na timu ya nyumbani inayothubutu kushambulia utaniuma kuliko kipigo chochote.

Anayetaka abaki, simkatazi, na nitamsikiliza. Naomba tu anitajie mechi moja msimu huu, moja tu, tukiwa tunaongoza nyumbani, ambapo kocha alimtoa beki akaingiza mshambuliaji. Na Jumamosi tukicheza tena, aje akae nami mzunguko, upande wa kulia, amtazame yule chalii atakapopata mpira.